Diski ya GB 500 inaposoma 465: Si kila kipimo kilichopungua ni kangomba

MSIMU wa ufuta unapofunguliwa mkoani Lindi, karani wa chama cha msingi huwa na kazi kuliko mtu mwingine yeyote kijijini. Mizani ipo, magunia yapo, ghala lipo. Lakini bila orodha sahihi inayoonyesha nani kaleta kilo ngapi, na akaunti yake ya benki ni ipi, mkulima anaweza kuuza mzigo wake leo na fedha ikachelewa kwa wiki kadhaa, au ikaenda kwa mwingine.

Ndivyo ilivyo katika kata ya Chinongwe wilayani Ruangwa, na ndivyo ilivyo kwa majirani zao wa Nachingwea, ambako wakulima wengi hutegemea korosho, ufuta na mbaazi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, uanze kutumika katika korosho za kusini mwaka 2007, kumbukumbu za mkulima zimekuwa na thamani inayokaribia ile ya mazao yenyewe. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 minada nayo ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, haviwezi tena kutegemea daftari peke yake.

Kwa hiyo kompyuta imeingia kijijini. Ipo katika ofisi ya chama, ipo katika steshenari inayochapa barua na kutoa nakala, ipo kwa mfanyabiashara wa pembejeo anayeweka hesabu za salfa na mabomba ya kupulizia. Nyingi ni za mitumba, zilizonunuliwa Dar es Salaam au Masasi na kusafirishwa juu ya mizigo mingine. Na pamoja nazo limeingia lalamiko moja ambalo mafundi wamelizoea: diski haifiki kipimo kilichoandikwa.

Chukua mfano wa mama mwenye steshenari anayeagiza diski kuu mpya, ile ambayo mafundi huiita hadidiski, ya GB 500. Fundi anaifunga, anaweka Windows, anaondoka na fedha yake. Jioni mama anafungua kompyuta na kukuta imeandikwa GB 465. Asubuhi anampigia simu: "Fundi, GB zangu 35 ziko wapi? Umenifungia nyingine?" Fundi anajibu: "Hazijapotea, mama, ndivyo zinavyohesabiwa." Mama haridhiki, kwa sababu duka lake linaendeshwa kwa kipimo, na kilo ya sukari anayouza haipungui gramu 70.

Katika mfano huu fundi anasema kweli. Lakini zipo nyakati nyingine ambapo diski imepungua kweli, na zipo nyakati ambapo mnunuzi ameibiwa mchana kweupe. Anayejua kutofautisha hali hizi hatagombana na fundi mwaminifu, hatamlipa mtu "arudishe" kitu ambacho hakikupotea, na hatakabidhi orodha ya wakulima kwa chombo cha kughushi.

Hesabu mbili za kitu kimoja

Mfanyabiashara wa khanga anaelewa jambo hili haraka kuliko wengi. Khanga 100 ukizihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, ni korija 5 kamili. Ukizihesabu kwa dazeni ni dazeni 8 na khanga 4. Anayesikia "tano" na anayesikia "nane" wanaweza kugombana, lakini khanga ni zile zile na hakuna hata moja iliyoibwa.

Kiwanda cha diski huhesabu kwa elfu elfu, kama kilo inavyohesabiwa kwa gramu 1,000. Kwake GB 1 ni baiti 1,000,000,000, na baiti moja ni nafasi inayotosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Windows huhesabu kwa 1,024, kwa kuwa kompyuta hufanya hesabu zake kwa mbili mbili, na mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi hutoa 1,024. Kwa hesabu hiyo GB 1 ni baiti 1,073,741,824. Gunia la Windows ni kubwa kuliko la kiwanda kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mzigo ule ule ukijazwa ndani yake hutoa magunia machache zaidi.

Gawanya baiti bilioni 500 kwa 1,073,741,824 utapata 465 na ushei. Hizo ndizo GB za yule mama. Kwa njia hiyo hiyo diski ya GB 80 husoma kama 74, ya 160 husoma 149, ya 250 husoma 232, ya 320 husoma 298, na ya terabaiti 1 husoma 931. Diski zisizo na sahani inayozunguka, maarufu kama SSD, nazo hufuata kanuni hiyo: ya GB 240 husoma 223, na ya 256 husoma 238. Flashi ya GB 32 husoma kama 29.8.

Asiyetaka mgawanyo mrefu achukue namba iliyo kwenye kasha aizidishe kwa 0.93. Jibu likikaribiana na linaloonekana kwenye kompyuta, diski ni kamili. Kwa diski zinazoandikwa kwa terabaiti, ambazo Windows nayo inazionyesha kwa terabaiti, azidishe kwa 0.91: diski ya terabaiti 2 itasoma 1.81.

Ushahidi upo ndani ya kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya diski, kisha chagua neno la mwisho katika orodha, "Properties". Utaona ukubwa umeandikwa mara mbili katika mstari mmoja: kwanza baiti zote kwa urefu wake, kisha GB. Diski ya GB 500 itaonyesha baiti zinazokaribia bilioni 500, na pembeni yake 465. Kompyuta za Apple zilianza kuhesabu kwa elfu elfu kuanzia toleo la mwaka 2009, kwa hiyo diski ile ile ikichomekwa huko husoma 500.

Mwaka 1998 shirika la kimataifa linaloweka viwango vya vifaa vya umeme, IEC, lilipendekeza jina tofauti kwa ile hesabu ya 1,024: gibibaiti, kwa kifupi GiB. Windows haikulichukua jina hilo, na mkanganyiko ukabaki. Nchini Marekani suala lilifika mahakamani. Western Digital mwaka 2006 na Seagate mwaka 2007 zilimaliza kesi za wanunuzi kwa mapatano, bila kukiri kosa. Seagate ilikubali kuwarudishia wanunuzi asilimia 5 ya bei au kuwapa programu ya kutunzia nakala. Hadi leo makasha mengi ya diski yana maandishi madogo yanayosema kwamba GB 1 ni baiti bilioni moja. Mnunuzi ayatafute.

Pengo likizidi: vyumba vilivyofungwa

Hebu sasa tuseme diski ni ya GB 500 lakini kompyuta inaonyesha 97, au ni ya terabaiti 1 na inasoma 298. Hapa kanuni ya 0.93 haitoshi. Mara nyingi, hata hivyo, nafasi bado ipo. Diski hugawanywa vyumba, ambavyo mafundi huviita patisheni, na kila chumba hupewa herufi yake: C, D, E. Chumba kisicho na herufi hakionekani unapofungua kompyuta kwa kawaida, kama stoo ambayo mlango wake umejengewa ukuta.

Hali hii hutokea sana fundi anapohamisha kila kitu kutoka diski ya zamani ya GB 320 kwenda mpya ya terabaiti 1. Diski mpya huzaliwa na vyumba vyenye vipimo vya ile ya zamani, na eneo linalobaki hukaa bure. Hutokea pia kwa flashi iliyotumika kuwekea Windows kwenye kompyuta nyingine: ya GB 64 inaweza kurudi ikionyesha 32, au pungufu ya hapo.

Kuona vyumba vyote, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Utafunguka mchoro wa diski zote, kila moja na ukubwa wake. Eneo lenye mstari mweusi juu na neno "Unallocated" ni ardhi ambayo haijagawiwa mtu. Kama liko upande wa kulia, limegusana na chumba unachotaka kukiongeza, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya chumba hicho na uchague "Extend Volume". Kama limetenganishwa na chumba kingine katikati, unaweza kulifanya chumba kipya chenye herufi yake, na hiyo ndiyo njia salama zaidi kwa asiye fundi.

Katika mchoro huo utaona pia vyumba vidogo visivyo na herufi. Kimoja ni cha kuwashia kompyuta, kingine ni cha kuiponya mfumo ukiharibika. Katika kompyuta ndogo za mkononi hicho cha pili kinaweza kufika GB kadhaa. Visiguswe. Anayefuta chumba cha kuwashia ili apate nafasi kidogo atajikuta na kompyuta isiyowaka.

Nafasi ipo, imeliwa

Kuna lalamiko jingine linalofanana na hili: diski inasoma 465 kama inavyotakiwa, lakini nafasi iliyo wazi ni GB 20, na ukijumlisha mafaili unayoyaona hayafiki 200. Hapa kuna walaji wasioonekana.

Wa kwanza ni kapu la takataka. Faili lililofutwa huenda kukaa humo, na nafasi yake hairudi mpaka kapu limwagwe. Wa pili ni folda ya Windows.old, inayobaki baada ya mfumo kubadilishwa toleo. Huweza kula GB nyingi. Wa tatu ni faili la hiberfil.sys, ambamo kompyuta huhifadhi hali yake inapolala. Wa nne ni nakala za kurudishia mfumo nyuma, ambazo hujilimbikiza siku hadi siku. Bonyeza tena alama ya Windows na R, andika cleanmgr, na programu itakayofunguka itaonyesha vinavyoweza kuondolewa na vina ukubwa gani. Soma kila mstari kabla ya kuweka alama. Katika matoleo mengine orodha hiyo inajumuisha folda ya vitu vilivyopakuliwa, na huko ndiko watu wengi huacha barua na fomu zao.

Mlaji wa tano ni virusi. Wenye steshenari wanamjua yule anayeficha mafaili yote ya flashi na kuacha vialama vya mkato vyenye majina yale yale. Mteja anaona flashi haina kitu cha maana, lakini kompyuta inasema imejaa. Wengine hukimbilia kufomati, na kazi ya mwezi mzima inapotea wakati ilikuwa imefichwa tu. Kwanza isafishwe kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha, kama flashi ina herufi E, amri hii iliyoandikwa katika dirisha la amri huyafichua mafaili: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kompyuta za mitumba na ukomo wake

Anayetumia kompyuta ya zamani akumbuke kwamba mashine nayo ina ukomo wa kuhesabu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 2000 hazikuweza kuona zaidi ya baiti bilioni 137 katika diski moja, kwa sababu namba za kutambulisha vipande vya diski zilikuwa zimeisha. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 nayo ilikuwa na ukomo huo. Uliondolewa na maboresho ya kwanza ya mwaka 2002. Diski ya GB 250 ikifungwa kwenye mashine kama hiyo husoma kama GB 128, ilhali yenyewe ni nzima.

Ukomo wa pili unakutwa katika diski kubwa. Mfumo wa zamani wa kugawa vyumba, unaoitwa MBR, katika diski za kawaida unaishia kwenye terabaiti 2 za hesabu ya Windows. Diski ya terabaiti 3 ikigawiwa kwa mfumo huo huonyesha GB 2,048 zinazotumika, na nyingine 746 hivi zinabaki kando zisizogawika. Dawa yake ni mfumo mpya zaidi wa GPT. Lakini kubadilisha kwa njia ya kawaida ya Windows kunataka diski iwe tupu, kwa hiyo vilivyomo vihamishwe kwanza.

Upo pia mkanganyiko wa FAT32, aina ya mpangilio inayokutwa kwenye flashi nyingi. Flashi inaweza kuwa na GB 20 wazi na bado ikakataa video moja ya GB 5 ikidai kwamba faili ni kubwa mno. Hiyo si nafasi iliyopungua. FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4. Ukiifomati kwa exFAT tatizo linaisha, lakini kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakala itangulie.

Diski inayoumwa

Diski yenye sahani huchoka. Vumbi la kiangazi, joto, safari za barabara mbovu na umeme unaokatika ghafla wakati kichwa cha kusomea kinafanya kazi, vyote huipunguzia maisha. Dalili zake ni mlio wa kugonga-gonga, kompyuta kuganda, faili kuchukua dakika nzima kufunguka, na wakati mwingine diski kusoma ukubwa wa ajabu kama GB 0 au MB chache tu.

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Watu wengi wakiona dalili hizo huendesha amri ya chkdsk, inayokagua diski na kutenga sehemu mbovu. Amri hiyo ni nzuri kwa diski yenye hitilafu ndogo, mfano baada ya umeme kukatika. Kwa diski inayogonga, ukaguzi wa saa kadhaa unaweza kuwa ndio safari yake ya mwisho. Kanuni ni moja: nakili kwanza, kagua baadaye. Anza na orodha za wakulima, hesabu na vivuli vya stakabadhi. Nyimbo na filamu zisubiri.

Zipo programu za bure, kama CrystalDiskInfo, zinazosoma taarifa ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Rangi ya njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Diski yenye rangi hizo ibadilishwe kabla ya msimu. Yenye rangi ya buluu nayo haina hakikisho, kwa sababu diski huweza kufa bila kutoa taarifa.

Kangomba ya kompyuta

Mkulima wa Lindi hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Ni ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi, chombo kinachoitwa kilo ilhali kinabeba zaidi ya kilo, na anayepunjwa ni mkulima. Katika biashara ya kompyuta kangomba imegeuzwa: chombo kinaitwa kikubwa ilhali ni kidogo.

Flashi au diski ya nje ya kughushi imetengenezwa iseme uongo. Ndani kuna kifaa cha GB 16 au 32, lakini programu yake imebadilishwa ijitambulishe kuwa ni terabaiti 1, 2, au hata 16. Ukiichomeka, kompyuta inaamini na kuonyesha namba kubwa. Hapa ndipo mnunuzi anapodanganyika: diski halali ya terabaiti 1 inasoma 931 na anaitilia shaka, ilhali ya kughushi nayo inasoma namba nzuri kabisa na anaipokea kwa furaha.

Madhara hayaonekani siku ya kwanza. Mafaili ya mwanzo yanaingia katika nafasi halisi na yanafunguka vizuri. Nafasi hiyo ikijaa, vifaa vingine huanza kuandika upya juu ya vya mwanzo, vingine hutupa kinachokuja huku vikionyesha kwamba kimehifadhiwa. Majina ya mafaili yote yanaonekana, na ukubwa wake pia. Karani anagundua siku anayofungua orodha ya malipo na kuambiwa faili limeharibika. Hakuna fundi anayeweza kurudisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Kipimo cha kangomba hii ni kuijaza na kuisoma. Programu ya bure iitwayo H2testw, kwa Windows, huandika data mpaka nafasi yote inayodaiwa ijae, kisha huisoma tena na kulinganisha. Kwa Linux ipo F3. Kazi hii inataka subira: flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, kabla ya kuanza kusomwa. Jaribio lifanywe kwenye kifaa kitupu, mara baada ya kununua, risiti ikiwa mkononi.

Asiyeweza kufanya jaribio aangalie bei. Kifaa cha terabaiti nyingi kinachouzwa kwa bei ya flashi ndogo hakina muujiza ndani yake. Adai risiti ya mashine na dhamana iliyoandikwa. Bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo utekelezaji wake uko chini ya Tume ya Ushindani, na mlalamikaji asiye na risiti huwa na kazi ngumu ya kuthibitisha alinunua wapi.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mambo machache yanaweza kumwokoa mwenye kompyuta. La kwanza, aandike namba ya utambulisho iliyo juu ya diski, au aipige picha kwa simu, kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi. Ikirudi alinganishe. Hapo hakutakuwa na maneno ya "umenibadilishia".

La pili, asikubali neno "tufomati tu" kabla ya kujua sababu ya nafasi kupungua. Katika hali zote zilizotajwa, hesabu ya 1,024 haihitaji kufomati, eneo lisilogawiwa halihitaji kufomati, na mafaili yaliyofichwa na virusi yanaweza kufichuliwa. Diski ya kughushi haitapona kwa kufomatiwa. Fundi akilazimika kutumia amri za kufuta vyumba, diski nyingine zote zichomolewe kwanza, kwa kuwa kukosea namba moja ya diski kunatosha kufuta ofisi nzima.

La tatu, diski iliyokufa au kuuzwa isiachwe ovyo. Ndani yake kuna majina ya wakulima, namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na chama cha msingi ni mmoja wa wakusanyaji hao. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, maana yanaweza kufufuliwa. Diski ifutwe kwa programu ya kuandika juu yake yote, au ivunjwe.

Wazee wa Nachingwea wanaujua mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kwa hesabu za mamilioni ya ekari katika maeneo kama Nachingwea, Kongwa na Urambo, na ukafutwa mwaka 1951 kwa kuwa hesabu za karatasi hazikuwahi kulingana na shamba. Namba iliyoandikwa kwenye kasha nayo ni hesabu ya karatasi. Ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Na baada ya kupima, mwenye kompyuta ajiulize anahitaji GB ngapi hasa. Orodha ya wakulima 1,000 wenye majina, kilo na akaunti zao, ikiandikwa katika karatasi ya hesabu ya kompyuta, kwa kawaida haifiki hata MB 1. Orodha za misimu 20 zinaingia katika flashi ndogo kuliko zote zilizoko sokoni. Zile GB 35 za yule mama wa steshenari, hata zingekuwa zimepotea kweli, zisingemkosesha mkulima malipo yake. Kinachomkosesha ni orodha kuwa katika chombo kimoja tu.

Kwa hiyo kabla mnada wa kwanza wa msimu haujaitishwa, orodha iwe sehemu tatu: ndani ya kompyuta, kwenye diski ya nje au flashi iliyokwisha pimwa na kufungiwa kabatini, na nakala iliyochapwa yenye sahihi za viongozi, ikiwekwa katika jengo tofauti. Kila Ijumaa karani afungue ile nakala ya pembeni, aangalie majina matatu au manne kama yanasomeka, na kuandika tarehe. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.